Mjamzito moyo ukisimama: kwanini tumbo lisogezwe kushoto na kwanini tunaangalia saa

Swali: "Shikamoo daktari. Mimi ni nesi mkunga, huu ni mwaka wangu wa pili leba. Wiki iliyopita tulifanya mazoezi ya CPR (kukandamiza kifua na kupuliza hewa moyo ukisimama) kwa mdoli, tukaambiwa tuchukulie ni mjamzito wa wiki 36. Ikawa vurugu. Mmoja anasema tumlaze ubavu, mwingine anasema tusikandamize kwa nguvu tutamuumiza mtoto, daktari wa zamu akasema akizidi dakika 5 tunampasua hapo hapo kitandani, mwingine akabisha kwamba lazima apelekwe thieta na lazima tusikilize kwanza kama mtoto yupo hai. Nimerudi nyumbani nimechanganyikiwa kabisa. Nani yuko sahihi? Na mimi nisiyejua kupasua nafanya nini?"

Marahaba mdogo wangu. Swali lako ni zuri sana na wala usijisikie vibaya, hiyo vurugu uliyoiona kwa mdoli nimeiona kwa binadamu, na waliokuwepo walikuwa watu wenye uzoefu kuliko wewe. Mimi ni daktari wa usingizi, miaka yangu mingi imeishia thieta na leba. Nikujibu kwanza kwa kifupi: daktari wa zamu yuko sahihi isipokuwa neno moja tu, hilo "akizidi", ntalirudia. Wa ubavu anakumbuka mafundisho ya zamani. Wa kukandamiza taratibu kakosea. Na aliyetaka thieta na mapigo ya mtoto kakosea vibaya zaidi, mana kosa lake linaonekana kama busara, watu wanalifuata, na linakula dakika ambazo yule mama hana.

Sasa ukielewa kinachotokea ndani ya mwili, haya mengine yote hutayakariri, yatakuja yenyewe. Mama wa wiki 36 amelala chali. Kizazi chake na vyote vilivyomo vimelala juu ya uti wa mgongo, na katikati hapo, kati ya kizazi na mifupa ya mgongo, umepita mshipa mkubwa laini unaorudisha damu ya miguu na nyonga kwenda kwenye moyo, na pembeni yake ule mshipa mkubwa wa kutoa damu. Ule wa kurudisha ni laini, unabanwa kirahisi. Ndo mana wajawazito wengi wakilala chali wanakwambia wanasikia kizunguzungu na kichefuchefu, ukiwageuza kushoto wanapata nafuu hapo hapo. Huyo ni mama ambaye moyo wake unapiga. Je yule ambaye moyo umesimama? CPR hata ikifanywa vizuri sana kwa mtu asiye na mimba inasukuma kama theluthi ya damu ambayo moyo mzima ungesukuma, basi. Kwa hiyo ukikandamiza kifua cha mjamzito huku damu ya chini imezibwa isirudi, unakandamiza moyo usio na kitu ndani. Unatoka jasho, unahesabu vizuri, na ubongo wake haupati kitu.

Hili linaanza lini? Kizazi kikifika usawa wa kitovu au kupita, ambayo kwa mimba ya mtoto mmoja ni kama wiki 20. Usihangaike na kadi ya kliniki wala kuuliza ndugu tarehe ya mwisho ya kuona siku zake. Weka mkono tumboni. Kizazi kipo kwenye kitovu au juu yake? Basi huyo ni mjamzito kwa maana ya jibu hili lote. Kipo chini? Mfanyie kama mtu mwingine yeyote. Mapacha kinafika mapema, na haijalishi, tunaangalia ukubwa, sio umri.

Kwa hiyo jambo la kwanza linalotofautisha mjamzito na wengine ni mikono miwili kwenye tumbo, na hiyo mikono, mdogo wangu, inaweza kuwa yako. Inafanyika hivi. Mama analala chali kabisa, kitu kigumu chini ya mgongo. Mwenye kukandamiza kifua anashika nafasi yake. Wewe ukiwa upande wa kushoto wa mama, unanyoosha mikono yote miwili juu ya tumbo mpaka ukikute kizazi upande wa kulia kwa chini kidogo, unakikumbatia kwa viganja kama mtu anayetaka kuhamisha tikiti kubwa bila kulidondosha, halafu unakivuta kuja kwako na kukinyanyua juu. Kuvuta na kunyanyua, vyote viwili. Ukiwa upande wa kulia unatumia mkono mmoja, unasukuma kwenda kushoto na juu. Kosa ninaloliona kila mara ni mtu wa upande wa kulia kusukuma kwenda chini, anategemea uzito wa mwili wake kama anakanda unga, na hapo anaongeza kubana ule ule mshipa aliokuja kuufungua. Ukisogeza vizuri utauona mstari wa katikati ya tumbo umehama, umeenda kushoto. Na ukishashika usiachie. Sio dakika moja ukaenda kutafuta kanula ya dripu, hapana, unashika mpaka mtoto atoke au moyo urudi na mama ageuzwe ubavu. Ukichoka unaita mtu ashike kabla hujatoa mikono yako.

Sasa yule wa ubavu. Zamani tulifundishwa kumwinamisha mama kushoto, na mito na vibao vya mbao vya kuweka chini ya nyonga vilitengenezwa kabisa kwa ajili hiyo. Wazo halikuwa baya. Tatizo ni kwamba ukimwinamisha mtu nguvu yako haiingii kifuani sawasawa, anateleza, moyo nao unahama kidogo pembeni. Mwaka 1988 watafiti Rees na Willis walipima wakakuta kwenye mwinamo wa nyuzi 27 mtu anabaki na kama asilimia 80 ya nguvu anayoweza kuitoa mama akiwa amelala chali. Na baadaye, 2015, Higuchi na wenzake waliwapiga wajawazito picha za MRI wakaona mwinamo wa nyuzi 15, ambao ndo wengi wetu tunauweka tukidhani tumemaliza kazi, haufungui ule mshipa, mpaka ufike nyuzi 30 ndo unafunguka kiasi. Sasa nyuzi 30 jaribu kumfanyia mtu CPR uone. Kwa hiyo miongozo ikabadilika: chali, mikono inasogeza tumbo. Ubavu wa kushoto tunautunza kwa mama ambaye bado moyo unapiga lakini hali mbaya, au ambaye moyo umerudi.

Kuhusu kukandamiza taratibu ili kumlinda mtoto. Naelewa inatoka wapi, mtu anaona lile tumbo na mikono inakuwa mizito yenyewe, ni huruma. Lakini mtoto hana moyo wa akiba mahali pengine. Oksijeni yake yote inapita kwenye kondo, kondo linalishwa na kizazi, kizazi kinalishwa na damu ya mama, na mwili unapokosa damu kizazi hakipewi kipaumbele, kinanyimwa mapema. Kumkandamiza mama nusu nusu ni kumnyima mtoto hewa, hakuna tafsiri nyingine. Kwa hiyo katikati ya kifua, nusu ya chini ya ule mfupa wa kidari, sehemu ile ile ya watu wote, kina cha sentimita 5 mpaka 6, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, acha kifua kirudi juu chote, 30 kwa pumzi 2 kama hana tyubu ya hewa kooni, na mbadilishane kila dakika 2. Utasikia wengine wanasema kwa mjamzito mikono ipande juu kidogo ya kawaida, hilo lilifundishwa miaka fulani, baadaye likaondolewa kwasababu halikuwa na ushahidi.

Mashine ya kushtua moyo nayo hivyo hivyo. Piga shoti kama mtu mwingine, nguvu ile ile, umeme unaofika kwa mtoto ni kidogo sana, na mdundo unaohitaji shoti bila shoti haurudi. Pedi ya pembeni iweke chini ya titi, sio juu yake, mana matiti ya mjamzito yamejaa na pedi ikikaa juu ya nyama nene umeme unapotea njiani. Kama kulikuwa na mkanda wa kusikilizia mtoto utoe, lakini shoti isicheleweshwe kwasababu ya kuufungua. Ukishapiga rudi kifuani hapo hapo. Dawa pia hazibadiliki, adrenalini miligramu 1 kila dakika 3 mpaka 5, na usije ukasikia mtu anasema dawa fulani tusitoe ina madhara kwa mimba. Mama amekufa kwa sasa, tunajaribu kumrudisha, hiyo hesabu ya madhara ya mimba haipo mezani. Kinachobadilika ni mahali pa dripu: juu, mkononi au shingoni, au ndani ya mfupa wa juu wa mkono, karibu na bega, kama mishipa imepotea. Kanula ya mguuni inaweka dawa chini ya ule mshipa uliobanwa, dawa inabaki imekaa huko.

Halafu hewa. Hapa naomba nikae kidogo mana ndo kazi yangu, na kwenye CPR za kawaida watu siku hizi wamezoea kusema kifua kwanza, hewa itakuja. Kwa mjamzito hewa isisubiri. Anatumia oksijeni nyingi kuliko kabla ya mimba, kama asilimia 20 zaidi, na wakati huo huo mtoto amesukuma kiwambo cha kupumulia juu kwa hiyo akiba ya hewa kwenye mapafu imepungua kama kiasi hicho hicho. Matumizi yamepanda, ghala limepungua. Nimewahi kuangalia monita ya mjamzito anayeshushwa usingizi, namba za oksijeni zinavyoporomoka baada ya kuacha kupumua, kwa mwanaume mzima wa umri ule ule ungekuwa bado una muda wa kutosha, kwake unaona 98, 95, halafu ghafla uko 80. Kwa hiyo begi la kupulizia na oksijeni asilimia 100 viwe kichwani kwa mama tangu mwanzo, watu wawili ikiwezekana, mmoja anabana barakoa kwa mikono yote miwili na mwingine anakamua begi, kwa upole, usijaze tumbo hewa mana vali ya juu ya tumbo imelegea na chakula kinarudi kirahisi. Tyubu aweke mwenye uzoefu kuliko wote waliopo. Koo la mjamzito limevimba, linatoa damu ukiligusa vibaya, tunatumia tyubu ndogo kidogo, namba 6 mpaka 7, na majaribio yasizidi mawili halafu mtu aweke kifaa cha kukaa juu ya koo. Hakuna mama aliyekufa kwa kukosa tyubu huku anapata hewa vizuri kwa begi, wanakufa kwa kukosa hewa watu wakiwa wanahangaika na tyubu.

Sasa tuje kwenye kisu.

Upasuaji wa kumtoa mtoto kwa mama ambaye moyo umesimama ni wa kale, tangu enzi za Warumi, ila zamani ulifanywa mama akishakufa, kwa ajili ya kumwokoa mtoto au ili wazikwe mbalimbali. Mama hakuwa kwenye hesabu. Kilichobadilisha mambo ni makala ya mwaka 1986 ya Katz na wenzake, walipendekeza kwamba kama moyo haujarudi ndani ya dakika 4, upasuaji uanze, mtoto awe nje dakika ya 5. Walikuwa wanamfikiria sana mtoto na ubongo wake. Lakini walipokusanya taarifa tena 2005 wakakuta jambo kubwa zaidi: kati ya akina mama ambao taarifa za mapigo yao zilikuwepo, 12 mapigo yalirudi papo hapo mtoto alipotolewa. Fikiria hilo. Mama amekandamizwa dakika kadhaa hakuna kitu, mtoto anatoka, moyo unarudi. Sio muujiza, ni ule mshipa. Kizazi kikitolewa mzigo damu inarudi kifuani, kizazi chenyewe kinajikaza na kurudisha damu iliyokuwa imebaki ndani yake, mapafu yanapata nafasi ya kupanuka. Ndo mana siku hizi wengi tunauita upasuaji wa kumfufua mama. Hata ungejua kwa hakika kabisa kwamba mtoto ameshafariki, ungeufanya, kwa ajili ya mama. Na hapo ndo jibu la yule aliyetaka kusikiliza mapigo ya mtoto: akisikia atafanya nini? Apasue. Asiposikia? Apasue. Basi anasikiliza nini? Weka hiyo mashine pembeni, shika tumbo.

Na ule uchambuzi wa Einav na wenzake wa 2012, kesi 94, ulikuta kama theluthi ya akina mama walinufaika na upasuaji, na hakuna hata mmoja ambaye upasuaji ulimzidishia madhara. Uingereza nao walifuatilia kila mjamzito ambaye moyo ulisimama kuanzia 2011 mpaka 2014, wakapata 66, ni kama mmoja katika kila wajawazito 36,000. Ukichukua waliopasuliwa, waliopona muda wa kati kutoka kuanguka mpaka kupasuliwa ulikuwa dakika 3. Waliokufa, dakika 12. Hizo namba mbili nimezibandika kichwani, na wewe zibandike.

Ndo mana nakataa neno "akizidi". Ukisubiri dakika 5 ziishe ndo uanze kufikiria, utaita daktari dakika ya 5, atafika ya 8, mtatafuta kisu ya 10, mtoto anatoka ya 12, na dakika 12 nimeshakwambia ni za kina nani. Dakika ya sifuri, ile sekunde unayopiga kelele "moyo umesimama", ndo unayopiga kelele pia "mjamzito, lete kisu, ita wa watoto". Mpasuaji anavaa glavu wakati mzunguko wa kwanza wa CPR unaendelea. Moyo ukirudi dakika ya 2, hongera, vua glavu. Haukurudi, kufika dakika ya 4 anakata, lengo dakika ya 5 mtoto yuko nje. Na kama ni wazi kwamba mama ameumia jeraha lisilopona, au moyo ulisimama hakuna aliyeona na hana mapigo kwa muda mrefu, hiyo dakika 4 haina kazi, anza hapo hapo.

Kuhusu thieta nikusimulie kitu. Nikiwa bado mdogo kazini, hospitali moja niliyokuwepo, mama alisimama moyo wodini, wiki 38, tukafanya kila kitu tulichofundishwa ila mkubwa wetu akasema tumpeleke thieta ndo tupasue. Mimi nilikuwa kichwani na begi. Nakumbuka ukorido. Nakumbuka mwenzangu anakandamiza huku anatembea kiubavu kufuata machela, mikono inateleza, kila tukipita kizingiti anapoteza hesabu anaanza upya, na tumboni hakukuwa na mkono wa mtu yeyote mana wote walikuwa wanasukuma machela. Mlango wa thieta ulikuwa umefungwa. Hatukumpata mama, na mtoto hatukumpata. Sikuwa na ujasiri wa kusema kitu siku ile na sikujua pia, ila tangu siku ile nikiwepo mimi machela haisogei. Pale alipoanguka ndipo anapokatwa, iwe kitandani, iwe sakafuni mapokezi. CPR ya kwenye machela inayotembea ni mbovu, na safari ndani ya hospitali hata iwe fupi vipi inamaliza dakika zako zote.

Na kifaa kinachohitajika ni kisu. Kweli, kisu cha upasuaji tu, vingine vikiwepo ni vizuri lakini havisubiriwi. Hakuna usingizi, mama hana fahamu. Kupaka dawa ya kuua vijidudu ni kumwaga mara moja au kuacha kabisa, antibayotiki atapewa baadaye akiwa hai. Mkato uwe wowote ambao mkono wa mpasuaji umezoea, wa kusimama au wa kulala, wa haraka ni ule anaoujua. Anayekandamiza kifua haachi, anayesogeza tumbo haachi mpaka mtoto anatoka. Damu itakuwa kidogo kuliko mnavyotarajia kwasababu hakuna presha, na hiyo iwape onyo, mana moyo ukirudi ndo kila kilichokatwa kinaanza kutoa, hapo mnahitaji vitambaa vya kuzibia damu, mishono, damu, na mtu wa kuangalia kizazi kama kimejikaza. Oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, itolewe kwa uangalifu na polepole, ukiisukuma kwa mkupuo inashusha presha ya mama ambaye moyo wake ndo kwanza umeanza kupiga.

Wewe usiyepasua unafanya nini? Mdogo wangu, hapo umejidharau. Anayetambua ni wewe, daktari anaitwa na wewe. Anayesema saa ngapi imeanza ni wewe, na naomba uiandike, hata kwenye kiganja chako kwa kalamu, mana kwenye vurugu kila mtu anadhani imepita dakika 2 kumbe ni 7. Anayeshika tumbo ni wewe. Na kuna moja ambalo mkunga analijua kuliko daktari wa moyo atakayekuja mbio: njia. Kama mama alikuwa anasukuma, njia imefunguka yote na kichwa kipo chini kabisa, kumtoa mtoto kwa vakyumu, kile kifaa cha kumvuta kichwa, kunaweza kuwa haraka kuliko kisu na miongozo inaruhusu, kwa hiyo anayeweza kupima na kusema kwa sauti "imefunguka yote, kichwa kipo chini" amewapa wenzake njia ya pili. Kama hapo mlipo hakuna kabisa wa kupasua, ng'ang'ania CPR nzuri, tumbo kushoto, hewa, huku mnatafuta sababu, na simu ya kuomba msaada ipigwe dakika ile ile ya kwanza.

Sababu, ndiyo. Kazi za mikono zikishagawanywa lazima mtu mmoja afikirie kwa sauti, kwanini huyu? Kutokwa damu ndo adui mkubwa, na damu inaweza kuwa imejificha nyuma ya kondo au ndani ya tumbo, usidanganywe na shuka safi. Moyo wenyewe kuchoka, ule ugonjwa wa moyo kupanuka mwisho wa ujauzito. Damu iliyoganda kwenda kwenye mapafu, maji ya chupa kuingia kwenye damu, maambukizi yaliyosambaa, kifafa cha mimba na presha. Na sisi wenyewe, watu wa usingizi. Kwenye ule ufuatiliaji wa Uingereza robo ya wale wanawake moyo ulisimama kwasababu ya ganzi na usingizi, kwa hiyo mama aliyetoka kuchomwa ganzi ya mgongo akanyamaza ghafla, niite mimi kabla ya mwingine yeyote.

Moja ya kwako kabisa kama mkunga ni magnesiamu, ile dawa ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba. Mama wa kifafa cha mimba yuko kwenye magnesiamu, figo hazitoi mkojo vizuri, dawa inajaa. Kwanza goti linaacha kuruka ukiligonga, halafu pumzi zinapungua, halafu moyo. Ndo mana tunawasumbua mpime goti, pumzi na mkojo kila mara, sio karatasi ya kujaza tu. Ikifika moyo umesimama, funga magnesiamu na toa kalsiamu bila kusubiri kipimo cha damu, kalsiamu glukoneti ya asilimia 10 mililita 30, au kloridi ya asilimia 10 mililita 10.

Ila wengi wao kabla moyo haujasimama walikuwa wanatuambia. Pumzi zimekwenda mbio, mapigo 130, presha inashuka, mama anasema "nesi sijisikii vizuri" na hawezi kueleza zaidi. Huyo mgeuze ubavu wa kushoto kabisa, mpe oksijeni, weka kanula kubwa mkononi, ita mtu. Nisikudanganye, kazi yenye matunda zaidi ipo hapa kuliko kwenye kisu. Na hata ikishindikana huko, bado usikate tamaa, wajawazito ni vijana na mioyo yao mingi ni mizima. Marekani walipoangalia akina mama waliolazwa kujifungua kati ya 1998 na 2011, moyo ulisimama kwa mmoja kati ya 12,000, na karibu 59 kati ya kila 100 walitoka hospitali wakiwa hai. Hizo ni namba nzuri kuliko za wagonjwa wengi wanaosimama moyo hospitalini.

Kwa zamu yako ijayo, kabla ya makabidhiano hayajaisha, fungua droo ya juu ya toroli la dharura uangalie kama kuna kisu cha upasuaji, kimoja, kilichofungashwa, pamoja na vibanio viwili vya kitovu. Kama hakipo kaombe thieta leo hii, kibandike kwa plasta ndani ya mfuniko ili asikichukue mtu wa kufungulia makopo ya dawa, na uandike juu yake kwa kalamu nene "MJAMZITO". Halafu siku ya mazoezi mfunge mdoli mto tumboni kwa shuka, umweke mtu mmoja na saa mkononi atangaze kila dakika kwa sauti, muone mtafika ya ngapi.